Patini inauma, inayumba, inaachia: tafuta ugonjwa kwenye buti kabla ya kugusa magurudumu

Kijana akileta patini, yaani viatu vya kutelezea, kwa fundi hapa Goma, mara nyingi amekwisha kutoa hukumu: ni magurudumu, au ni beringi. Amebadilisha beringi, amenunua magurudumu mapya kwa bei ya kukata maini, na mguu bado unalalia upande ule ule. Gurudumu hupokea tu kile ambacho buti limeliletea. Kisigino kikicheza milimita chache ndani ya buti, gurudumu litayumba hata kama limetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Ndiyo maana mimi huanza juu na kushuka: mguu, halafu buti, halafu pale buti linapofungwa kwenye bamba au fremu, kile kipande cha chini kinachoshika magurudumu, na magurudumu yenyewe mwisho kabisa. Ukienda hivyo utatumia pesa kidogo, maana matatizo mengi ya juu hutibika kwa kipande cha sponji, kamba na uvumilivu.

Patini zinazotufikia ni za aina tatu. Kuna zile za ekseli mbili, zenye magurudumu mawili mbele na mawili nyuma. Kuna za mstari mmoja. Na kuna za barafu. Barafu ya kuteleza Goma haiko, lakini mabalo ya mitumba hayaulizi hali ya hewa, kwa hiyo buti za barafu zinafika sokoni na vijana wanataka zifungwe magurudumu. Nitazigusa mbele.

Pima mguu kwanza

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya mchana wa kutembea. Vaa soksi utakayoitumia, simama kwenye karatasi kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vingine. Si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili kwa milimita, maana kwa watu wengi mmoja umemzidi mwenzake, na buti hununuliwa kwa ule mrefu. Pima pia upana kwenye nundu za kidole gumba na kidole kidogo, upana wa kisigino, na mzunguko wa mgongo wa mguu kwa utepe wa fundi nguo.

Sasa soma namba ya buti. Namba za Kifaransa tunazotumia huku Kongo zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi kwa kila namba. Buti la 40 limejengwa juu ya forma ya milimita 267. Forma ni lile umbo la mbao au plastiki ambalo fundi hulivisha ngozi, na urefu wake si urefu wa mguu wako: mguu unaokaa humo vizuri huwa mfupi kwa sentimita moja au moja na nusu. Baadhi ya buti zina urefu wa mguu wenyewe umechapwa kwa milimita kwenye lebo, 255 au 260. Ukiuona huo, uamini huo.

Buti la ganda la plastiki huwa na kiatu cha ndani cha sponji. Kitoe, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole hadi viguse mbele, kisha angalia nyuma ya kisigino. Nafasi ya kidole kimoja, sentimita moja hadi moja na nusu, inatosha. Vidole viwili vikiingia, buti hilo ni la mtu mwingine. Kwa buti la ngozi, toa soli ya ndani na usimame juu yake: vidole vikimwagika nje ya ukingo, ngozi ya pembeni ndiyo itakayobeba uzito wako, na itachoka.

"Papa fundi, muchagulie kubwa kidogo, atakua nayo." Ninakuelewa, mama, pesa ya patini si ya kuokota barabarani. Namba moja juu inavumilika, ukiongeza soli ya ndani ya pili ambayo utaitoa mtoto akikua. Namba mbili juu hazivumiliki. Buti la patini lina mashimo mawili yaliyoumbwa ndani kushika vinundu vya kifundo, na kwenye buti kubwa mno mashimo hayo hayakai mahali vinundu vya mtoto vilipo. Hapo hakuna sponji itakayokuokoa.

Kisigino kinapanda unaposukuma

Hili ndilo tatizo linaloletwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Dalili: unasukuma, buti linabaki chini, kisigino kinachomoka kidogo. Nyuma ya kisigino kuna lengelenge. Ukivua, soli ya ndani imejikunja mbele.

Jaribu hivi. Vaa, piga kisigino chini mara mbili ili kirudi nyuma kabisa, halafu funga kamba kwa sehemu. Kwenye vidole acha zilegee. Kwenye mkunjo, pale mguu unapokutana na muundi, kaza kwa nguvu. Juu kaza wastani. Sasa kunja goti. Kama kisigino kimetulia, buti lako ni zima na ugonjwa ulikuwa kwenye kufunga. Vijana wengi hukaza kuanzia vidoleni hadi juu kwa nguvu moja. Vidole vinakufa ganzi na kisigino kinabaki huru.

Kama bado kinapanda, bonyeza kwa vidole gumba ganda gumu lililofichwa kati ya ngozi na bitana kuzunguka kisigino. Likibonyea kama kadibodi iliyolowa, limekufa. Kwenye buti za bei ndogo ganda hilo kweli ni karatasi ngumu, na jasho limelimaliza. Mimi hufungua bitana kwa nyuma na kuingiza ganda jipya la kipande cha bomba la PVC. Maji ya moto yanalitosha kulainisha. Hapa Goma, kwa urefu wa mji wetu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na PVC hulegea kwenye 80. Ukilitoa kwenye maji unalibana mara moja juu ya forma au juu ya kisigino cha mbao, unashika hadi lipoe. Usilipashe kwenye moto wa mkaa, moshi wake ni sumu. Ukingo wa juu uparuliwe kwa tupa hadi uwe mwembamba, la sivyo utakata kano ya kisigino.

Ganda likiwa zima na kisigino bado kinacheza, basi forma iliyotumika ilikuwa na kisigino kipana kuliko chako. Miguu mingi ninayoiona ni mipana mbele na myembamba nyuma, na viwanda vya buti za bei nafuu hupanua forma yote kwa pamoja. Hapo kata sponji ngumu mbili kwa umbo la mundu, uzibandike kwenye kiatu cha ndani, kwa upande wa nje yake, zikizunguka vinundu vya kifundo kwa nyuma na chini. Zinajaza shimo kando ya kano na kisigino kinafungwa. Usiweke sponji chini ya kisigino. Watu wanapenda kufanya hivyo kwa kuwa ni rahisi, lakini unakiinua kisigino kutoka kwenye shimo lake, na kinachomoka vizuri zaidi kuliko awali.

Ukiwa unachora buti jipya, tatizo hili limalize kwenye forma: chonga kisigino kwa kipimo cha kisigino, mbele kwa kipimo cha mbele, na usikubali kuchukua forma ya kiatu cha kutembelea. Kiatu cha kutembelea huacha kisigino kiinuke kidogo kwa kila hatua. Buti la patini halitakiwi kuruhusu hilo.

Kifundo kinalala ndani

Ukimwangalia mtu kwa nyuma, magoti yanakaribiana, vifundo vimeanguka ndani, na magurudumu yameliwa upande wa ndani peke yake. Sababu ziko nne na zinafanana kwa macho, kwa hiyo usibahatishe.

Weka buti tupu, likiwa na magurudumu yake, juu ya meza iliyonyooka. Lisogelee kwa nyuma, jicho likiwa usawa wa meza. Ning'iniza uzi wenye nati mwishoni kutoka katikati ya ukingo wa juu wa buti. Uzi upite katikati ya kisigino na kushukia katikati ya gurudumu. Kama buti tupu limeinama, mguu wako hauna kosa: soli imejipinda au bamba limefungwa vibaya. Kama limesimama wima tupu na linaanguka ukilivaa, endelea kutafuta.

Simama peku kwenye sakafu, mtu akuangalie nyuma. Vifundo vikianguka hata bila patini, uvungu wa wayo wako uko chini na unahitaji kushikwa. Soli ya ndani iliyoinuliwa upande wa uvungu, kwa sponji ngumu au kork, hubadilisha mengi. Iwe ngumu. Ile laini inayopendeza dukani ukiibonyeza kwa kidole itakuwa bapa kabla mvua za msimu hazijaisha.

Vifundo vikisimama vizuri peku, basi buti ni laini mno. Shika shingo ya buti na uisukume pembeni: isikubali. Isukume mbele: ikubali kidogo. Buti linalokunjika sawasawa pande zote limekwisha, au halikuwahi kuwa la patini. Hapa aina ya patini ina maana. Patini ya ekseli mbili inasimama kwenye pembe nne, kwa hiyo inasamehe buti laini. Tangu James Plimpton alipopata hataza yake New York mwaka 1863, ekseli zake hugeuka zikibanwa na mpira pale unapoegemea upande mmoja, na buti linatakiwa kufikisha uegemeo huo chini. Patini ya mstari mmoja inasimama kwenye magurudumu yenye upana wa milimita 24 hivi. Ubavu wa chuma wa patini ya barafu ni karibu milimita 4 kwa wachezaji wa madoido, 3 kwa hoki, na zaidi kidogo ya 1 kwa wa mbio. Kadiri mahali pa kusimamia panavyopungua, ndivyo buti linavyotakiwa kuwa gumu. Wa mbio wamejitoa kwenye kanuni hiyo kwa shingo: buti lao limekatwa chini ya kifundo ili kipinde huru, lakini chini limejengwa kwa nyuzi za kaboni zisizocheza hata kidogo, na wao wenyewe wamezoeza vifundo vyao kwa miaka. Anayeanza akinunua buti la mbio kwa sababu ni zuri machoni, atalala ndani hadi aliuze.

Sababu ya nne ni mahali fremu ilipofungwa. Mstari wa kuanzia ni huu: nyuma, katikati ya kisigino, mbele, kati ya kidole gumba na kinachofuata. Fremu nyingi za mstari mmoja zina matundu marefu ya kusogezea. Kifundo kikilala ndani, legeza bolti na usogeze fremu upande wa ndani milimita mbili tu, kaza, tembea, angalia. Watu husogeza nje wakidhani wanamvuta mtu, kumbe wanamwondolea nguzo pale anapoegemea. Kama fremu haina nafasi ya kusogea, weka kati ya soli na fremu kabari ya ngozi ngumu, nene upande wa ndani na nyembamba kuelekea katikati. Anza na milimita moja. Kwenye barafu mafundi hufanya vilevile, na kwanza hufunga ubavu kwa skrubu chache kwenye matundu marefu, mchezaji anajaribu, halafu ndipo wanatoboa matundu ya kudumu. Ningependa kila anayetoboa soli mjini kwetu aige jambo hilo.

Unaanguka mbele, au kisigino kinakuvuta nyuma

Hili ni la bamba, na ni fupi. Kwenye patini ya ekseli, ekseli ya mbele ikae chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, na ya nyuma chini ya kisigino. Bamba likiwa fupi au limerudi nyuma, vidole vinaning'inia na unapigwa mbele kila ukipita kwenye kokoto. Likiwa mbele mno, kugeuka kunakuwa kazi. Ondoa, ziba matundu ya zamani, toboa upya. Usitoboe tundu jipya likiungana na la zamani. Soli itapasuka kati yao.

Muundi unawaka, ulimi unahama

Maumivu yakiwa mbele, pale kamba zinapovuka mkunjo wa mguu, kano inayoinua wayo inabanwa kati ya kamba na mfupa. Usipoitibu itavimba na utashindwa hata kutembea na sandali. Angalia ulimi kwanza: ukihamia pembeni, ukingo wake ndio unaokukata. Shona kitanzi kidogo katikati ya ulimi, kamba ipite ndani yake, hautahama tena. Ulimi ukiwa mwembamba, ongeza sponji, lakini acha mfereji katikati ambako kano itapita bila kuguswa. Sponji moja bapa juu ya kano yenyewe huongeza msukumo badala ya kuupunguza. Kwa siku chache unaweza kuruka jozi moja ya vitundu vya kamba mahali panapouma. Vifungio vya chuma au plastiki vya mitumba mara nyingi vimechoka. Mkanda wa turubai wenye mnato wa kubandua hufanya kazi nzuri zaidi.

Ganzi, na uvungu unaoungua

Mguu ukilala ganzi, kila mtu hudhani buti ni dogo. Wakati mwingine ni kubwa: mguu unateleza, mwenyewe anakaza kamba kupita kiasi ili kuushika, damu inakosa njia. Rudi kwenye kipimo. Buti likiwa sawa na ganzi inaanza upande wa kidole kidogo, upana wa mbele haukutosha na ngozi inahitaji kunyooshwa. Uvungu ukiungua dakika chache baada ya kuanza, ama soli ya ndani ni bapa na misuli ya wayo inafanya kazi ya kukushika, ama unakunja vidole kama anayeshika tawi kwa sababu huamini buti lako. Anayeanza huwa na hili la pili kwa muda, na linakwisha lenyewe. La kwanza haliishi bila soli ya ndani.

Nundu, malengelenge, na mashine ya saluni

Mfupa ukigonga mahali pale pale, lipanue buti hapo tu. Paka rangi ya midomo juu ya nundu, vaa buti bila soksi, vua: alama imebaki ndani ya buti. Kwa ngozi, lowesha kidogo kwa ndani, ingiza kitu cha mviringo (mpini wa nyundo uliochongwa unatosha), bana kutoka nje kwa pete ya chuma, acha usiku kucha. Kwa ganda la plastiki, joto la mashine ya kukaushia nywele ya saluni linasaidia. Pasha polepole ukizungusha, subiri ganda lianze kukubali, sukuma kwa ndani, shikilia hadi lipoe kabisa. Ukiachia likiwa la moto, linarudi. Na kumbuka gundi ya njano nayo hulegea kwa joto: ukipasha karibu na soli utatatua nundu na kuachia soli.

Baadhi ya buti za hoki na za madoido hutengenezwa ili zipashwe kwenye tanuri maalumu, karibu nyuzi 80, kisha mtu azivae zikiwa na joto ziumbike kwa mguu wake. Usijaribu hilo juu ya mbabula, jiko letu la mkaa. Mbabula haina kipimo.

Buti linavunjika lenyewe

Patini inatoka kwenye balo ikiwa safi, haina mkwaruzo, magurudumu bado yana nembo. Inanunuliwa kwa furaha. Inatumika Jumapili moja, ganda linapasuka kwenye kifundo au soli inabanduka ikimwaga unga. Aliyeuza hakukulaghai lazima, hata yeye hakujua. Poliurethani, plastiki inayotumika sana kwenye soli, magurudumu na baadhi ya maganda, huliwa polepole na unyevu wa hewa hata ikikaa kwenye boksi. Patini iliyolala kwenye stoo Ulaya miaka mingi inaweza kuwa imekufa bila kuwahi kukanyaga chini, na usafi wake unatakiwa kukutia shaka.

Kabla ya kulipa, kandamiza ukucha kwenye soli na kwenye gurudumu: irudi, isibaki na kovu wala kumeguka. Kunja shingo ya buti mbele mara kadhaa ukisikiliza. Chomeka kidole ndani ya kiatu cha ndani na usugue sponji. Kikitoka na unga wa njano au kahawia, sponji imekwisha. Hiyo inabadilishika. Gurudumu pia linabadilishika. Ganda lililoanza kupata nyufa nyembamba kuzunguka bolti za shingo halishoneki, haligundishwi, na sikubali kulitoboa riveti. Chukua fremu, beringi na vifungio kama vipuri, ulipe bei ya vipuri.

Soli inaachia, bolti zinalegea

Mchanga wetu ni msasa. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, ya 2021 ikasimama pembezoni, na vumbi jeusi la mawe hayo limejaa kila mahali, hata juu ya lami. Punje zake zina makali. Zinaingia kati ya soli na bamba, na kwa mtetemo wa barabara zinachimba matundu ya bolti mpaka yanakuwa na umbo la yai.

Dalili ni mlio mdogo kila unaposukuma, kisha patini inaanza kupinda yenyewe. Toa soli ya ndani uone vichwa vya bolti. Vikiwa vimezama ndani ya soli, waliofunga hawakuweka washa pana. Kaza mara kumi, vitazama mara kumi. Toa bolti, ziba tundu kwa kijiti cha mti mgumu kilichopakwa gundi ya epoksi, subiri kikauke hadi kesho, toboa upya katikati. Weka washa pana upande wa mguu, na chini tumia nati zenye pete ya nailoni ndani. Zikaze tena baada ya matembezi ya kwanza, ngozi inakuwa imejibana. Bolti yenye kutu ibadilishe, usiipake rangi.

Soli ya ngozi au ya mbao iliyobanwa hunywa maji kwenye kingo. Ziba kingo hizo, na ndani ya kila tundu, kwa nta iliyoyeyushwa au vanishi kabla ya kufunga bamba. Mafundi wa barafu hufanya hivyo kwa sababu ya maji yanayoyeyuka chini ya ubavu, na sisi tuna mvua. Ukigundisha soli wakati wa mvua, paka gundi nyembamba pande zote mbili na usikimbilie kubandika hadi isinate kidoleni. Kwenye hewa yenye unyevu inachukua muda mrefu kuliko kibati kinavyosema.

Nyuzi nazo hukatwa na vumbi hilo hilo. Kwa msharasi, chora kwanza mfereji kwenye ngozi na ushone ndani yake, uzi ulale chini ya uso. Uzi uwe wa nailoni au poliesta uliopakwa nta. Wa pamba unaoza. Mbele ya vidole, pale vijana wanapoburuta mguu kusimama, shona kipande cha tairi kuukuu, mpira ule ule unaofungwa kwenye magurudumu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Sijaona ngozi yoyote inayodumu hapo kuliko mpira huo.

Kulifungia buti la barafu magurudumu

La hoki ndilo rahisi. Buti za hoki ya barafu na za hoki ya magurudumu hujengwa karibu sawa, kinachotofautiana ni kilichofungwa chini. Toboa vichwa vya riveti polepole, ondoa kishikio cha ubavu, funga fremu. La madoido lina kisigino kirefu na soli ya ngozi, kwa hiyo linakubali bamba la ekseli lililotengenezwa kwa kisigino. Bamba bapa litaacha uwazi katikati ambao hautakiwi kuzibwa kwa vipande vya mpira, kwa kuwa mpira unabonyea na bolti zinalegea. La mbio lina matundu tayari: pima kutoka la mbele hadi la nyuma. Milimita 165 au 195 ni vipimo vya kawaida vya fremu za mbio, na fremu ya kipimo hicho itaingia bila kutoboa. Ukikuta la mbio ambalo ubavu wake una bawaba mbele na kisigino kinaachana nao, halijavunjika. Patini za namna hiyo zilitokana na utafiti wa chuo kikuu cha Vrije mjini Amsterdam, na kwenye Olimpiki ya Nagano ya 1998 zilikuwa zimeshatawala mbio. Bawaba hiyo huwezi kuitumia barabarani, itoe.

Jambo moja husahaulika: buti la barafu lilichorwa kwa ukumbi wa baridi, kwa hiyo bitana yake ni nene na halipumui. Ukilitumia mchana wa jua la Goma, litalowa kwa jasho. Toa soli ya ndani kila ukivua, fungua kamba hadi chini, ulikaushe kivulini penye upepo. Juani, au pembeni ya mbabula, ngozi hukakamaa na gundi huachia.

Baada ya tiba yoyote kati ya hizi, usiende mbali. Zunguka mahali penye lami nzuri kwa muda mfupi, vua buti na soksi, tazama ngozi. Wekundu unaofifia ndani ya dakika chache ni wa kawaida kwa buti linaloshika. Ule ambao bado uko baada ya nusu saa, uzungushie kalamu ya wino kwenye ngozi yenyewe, vaa tena, na uone unaangukia wapi ndani ya buti. Hapo ndipo pa kuanzia kesho.